Miaka sita ndani ya chumba cha kurekodi: kuwasomea vitabu watu wenye ulemavu (uzi mrefu)

Kinasa (mwanzisha uzi)

Wadau, salaam. Kila nikisema Jumamosi asubuhi sipatikani kwa sababu niko studio nasoma, naulizwa maswali yale yale: unasoma nini, unamsomea nani, unalipwa kiasi gani. Nimeona nishushe uzi mmoja nijibu yote.

Nasoma vitabu kwa sauti. Naingia kwenye chumba kidogo kilichobandikwa sponji kuta zote, nafunga mlango, nakaa shubiri moja kutoka kwenye maiki, nasoma kwa saa mbili. Sauti hiyo anaihariri fundi, halafu mtu mwingine anaisikiliza huku kitabu kikiwa wazi mbele yake, ndipo inakwenda kwa wanaoihitaji. Shirika ni la hisani na wasomaji wote tunajitolea.

Wanaotusikiliza wengi ni wasioona na wenye uoni hafifu. Lakini wapo pia wenye dislexia, ambao macho yao ni mazima ila kusoma ukurasa mmoja kunawamaliza nguvu. Wapo waliopooza, na wapo ambao mikono inatetemeka kiasi kwamba hawawezi kushika kitabu wala kufunua ukurasa. Kitabu cha karatasi kipo, wanakitaka, na hakiwafikii.

Siku ya kwanza nilikwenda nikijiamini sana, maana tangu shuleni nasifiwa sauti. Nikapewa ukurasa mmoja wa majaribio, nikausoma kwa madoido yote bila kukosea neno hata moja. Mratibu alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza: "Huyo mzee aliyeingia mlangoni alikuwa amebeba nini?" Sikukumbuka. Nilikuwa nimemaliza ukurasa mzima na mzee sikumwona. Akanirudishia karatasi akasema, "Soma tena, safari hii mwangalie mzee." Alikuwa amebeba taa isiyo na mafuta. Mara ya pili nilipofika pale kwenye taa sauti ilipungua yenyewe bila mimi kupanga. Akasema, "Njoo Jumamosi."

Hilo ndilo somo langu la kwanza na bado naona ni kubwa kuliko yote ya maiki na pumzi. Ukiwa huoni unachosoma, anayekusikiliza naye hataona.

Nitaendelea. Maswali yaje.

MpitaNjia

Mkuu nimekaa mkao wa kula. Kitabu kimoja kinachukua muda gani? Mimi nadhani wiki moja imeisha.

Kinasa

Hapana mkuu, na hapo ndipo wengi wanapokimbia.

Chukua riwaya ya maneno 90,000. Kwa mwendo wangu, Kiswahili kilichotulia kinakwenda maneno 130 hivi kwa dakika, maana maneno yetu ni marefu, neno moja linabeba sentensi nzima. Hapo una karibu saa 11 na nusu za sauti iliyokamilika. Saa moja iliyokamilika inanichukua saa mbili hadi tatu za kusoma. Ulimi unateleza, tumbo linaunguruma, lori linapita nje, karatasi inalia. Ukikosea unasimama, unarudi mwanzo wa sentensi, unarekodi juu yake. Kwa hiyo weka saa 23 hadi 35 za kukaa kwenye kiti, kabla ya fundi na mhakiki hawajaanza kazi yao. Ukienda mara moja kwa wiki kwa saa mbili, hiyo ni karibu miezi mitatu hadi minne.

Na kabla ya yote hayo lazima uwe umekisoma kitabu chote kimyakimya. Hili kwa Kiswahili ni lazima kuliko lugha nyingine, kwa sababu lugha yetu haisemi mwanamume au mwanamke kwenye kitenzi. "Alisimama, akawatazama, akasema tokeni." Nani huyo? Mwaka wangu wa kwanza nilipewa riwaya yenye mkuu wa kijiji mkali, nikampa sauti nzito ya kiume kuanzia sura ya kwanza. Sura ya tisa mtu akamwita "mama". Nilikaa pale na maiki mbele yangu nikijua kwamba sura nane zote zina sauti ya mtu asiyekuwepo kitabuni. Tulirudia kila mahali alipozungumza. Fundi hakunigombeza, ila jioni ile alitoka saa tatu usiku kwa sababu yangu. Tangu hapo sifungui maiki kabla sijafika ukurasa wa mwisho.

BintiSomo

Kinasa umenikumbusha mbali. Mimi ni mhakiki, ndiye huyo anayesikiliza huku kitabu kiko mkononi. Niongezee kuhusu mkazo. Msomaji akisoma "barabara" ya kupitia magari kwa mkazo wa "barabara" yenye maana ya sawasawa, sentensi inaharibika na asiye na kitabu mbele yake hana pa kuhakikisha. "Walakini" hivyo hivyo: kuna ile ya "lakini" na kuna ile ya kasoro. Kwenye karatasi zinafanana, mdomoni hazifanani. Mwenye macho akisoma vibaya anarudisha jicho nyuma sekunde moja. Msikilizaji atabaki anajiuliza, na wakati huo sauti inaendelea kwenda.

Kingine kinachoniumiza masikio ni "dhambi" kuwa "zambi" na "thamani" kuwa "samani". Hiyo ya pili inageuka kuwa viti na meza kabisa.

Kinasa

Dada, nyinyi wahakiki ndio mnaotuokoa. Kuna siku nilirudishiwa karatasi yenye marekebisho 41 ya sura moja. Nilinuna njia nzima. Nilipofika nyumbani nikasikiliza moja moja: zote 41 zilikuwa sahihi.

NuktaNundu

Nimeufuatilia uzi huu tangu asubuhi kwa kisoma skrini, programu inayonisomea kwa sauti maandishi ya kwenye skrini. Mimi sioni tangu utotoni, na vitabu vya kusikiliza ndivyo vilivyonisomesha. Naomba niseme kwa upande wa pili wa maiki.

Kwanza, nasikiliza kwa kasi mara mbili. Wengi wetu tunafanya hivyo, masikio yameshazoea. Kwa hiyo ninachokitaka kwako ni matamshi safi na mwendo usiobadilika-badilika. Ukinong'ona halafu ukapiga kelele, mimi niliye na hedifoni ndani ya basi naumia.

Pili, msituigizie sana. Mhusika akilia, kitabu kimeshaniambia analia. Ukilia naye unanichukulia nafasi yangu ya kumlilia mwenyewe. Mwenye macho anasoma ukurasa ule bila mtu wa kumwonyesha ahuzunike wapi. Mimi nataka ukurasa huo huo.

Tatu, na hili ndilo lililonitoa nikaandika leo. Zamani niliwahi kusikiliza riwaya moja nikaipenda, nikawa naizungumza na rafiki yangu anayeona. Akataja tukio la chumbani kati ya wahusika wawili. Nikamwambia halipo. Akanisomea. Lilikuwepo, kurasa nne nzima. Msomaji aliliruka. Sijui aliona aibu, au alidhani mtu kama mimi hapaswi kusikia. Nilikuwa na miaka 31, nina mke na watoto wawili. Yule bwana alikaa ndani ya kile chumba akaamua kwa niaba yangu nijue nini na nisijue nini, na mimi nikamwamini kitabu kizima.

Mtu akisoma kurasa zote vibaya nitamvumilia. Akiruka nne, amenidanganya.

Kinasa

Ndugu NuktaNundu, nimeusoma ujumbe wako mara tatu.

Kwetu kanuni ni moja: unasoma kilichoandikwa, chote. Kama kitabu kinatukana, unatukana. Kama mwandishi amekosea mwaka, unasoma mwaka uliokosewa, na kama lazima kusema kitu kuna namna ya kuweka maelezo ya msomaji, "maelezo ya msomaji" mwanzo, "mwisho wa maelezo" mwisho, ili sauti yangu isichanganyike na ya mwandishi. Kitabu kikisema "tazama picha hapo juu", nasoma hivyo hivyo. Wapo wasomaji wapya wanaoogopa kutamka neno "ona" mbele ya asiyeona. Wanaoogopa ni wao tu.

Nimewahi kusoma kitabu ambacho sikukubaliana nacho toka jalada hadi jalada. Nilikisoma vizuri kadiri nilivyoweza, maana msikilizaji ana haki ya kukikataa yeye mwenyewe.

MzeeWaFaili

Nauliza kwa nia njema. Siku hizi kompyuta na simu zinasoma zenyewe. Hii kazi ya watu kukaa chumbani bado inahitajika kweli, au ni mazoea?

NuktaNundu

Swali zuri, wala usiombe radhi. Sauti ya mashine naitumia kutwa: habari, barua pepe, nyaraka za kazini, uzi huu. Kwa kitu ninachotaka kukipitia haraka naipendelea kuliko mtu.

Inakwama penye kitabu chenyewe. Kwanza mashine inahitaji maandishi safi. Kitabu cha zamani kikipigwa picha, mashine inasoma madoa ya karatasi kama herufi. Halafu haijui barabara ipi ni ipi, kama alivyosema BintiSomo. Majina ya watu inayavunja. Na ikifika kwenye picha inasema "picha" inaendelea na safari.

Ila jamani, vitabu vya sauti visichukue nafasi ya nukta nundu, yale maandishi ya Braille tunayoyasoma kwa vidole. Nimekutana na vijana waliosoma kwa masikio tu, wamejaa maarifa, lakini hawajui jina la mji fulani linaandikwaje kwa sababu hawajawahi kuligusa. Ndiyo maana nawashukuru wasomaji wanaotamka jina geni kisha wanalitaja herufi kwa herufi mara ya kwanza linapotokea.

Na niseme kidogo historia, maana watu hudhani hivi vitu tulipewa kwa huruma. Thomas Edison mwenyewe, mwaka 1878, alipoandika matumizi ya mashine yake mpya ya kunasa sauti, alitaja vitabu vya kuwasemea wasioona. Maneno yakabaki maneno, kwa sababu mashine za wakati huo zilibeba dakika chache mno. Aliyelisukuma jambo hilo Uingereza ni Ian Fraser, askari aliyepoteza macho kwenye mapigano ya Somme, Ufaransa, mwaka 1916 katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Vitabu vya kwanza vya sauti kule vilitoka 1935, kwenye diski zilizozunguka mara 24 tu kwa dakika ili upande mmoja ubebe dakika 25, na riwaya moja ilikuwa diski kumi hivi. Marekani walitangulia mwaka mmoja, na aliyekuwa akiiongoza American Foundation for the Blind, shirika la wasioona la huko, wakati huo ni Robert Irwin, naye asiyeona tangu akiwa mtoto. Sisi wenyewe tulivihitaji, tukavidai, tukakaa na mafundi hadi vikapatikana.

Kinasa

Asante kwa hiyo. Wageni wote wangeanza kwa kusoma ujumbe wako kabla ya kugusa maiki.

Sasa niseme la vitabu vya kiada, maana huko ndiko kuna kazi nzito na wasomaji hawataki kwenda. Kila mgeni anataka riwaya. Riwaya inasomeka. Kitabu cha sayansi kina mchoro kila ukurasa wa pili, na mchoro hausomeki, unaelezwa.

Nilipewa cha jiografia. Kulikuwa na mchoro wa volkano iliyokatwa wima katikati, ina herufi A hadi D. Nikajiandaa vizuri, nikaeleza kutoka chini kwenda juu: "Chini kabisa kuna chemba ya magma, ambayo ni herufi A. Kutoka hapo bomba linapanda wima, herufi B, hadi kwenye kreta, herufi C. Pande zote mbili tabaka za lava na majivu zinapishana, herufi D." Nikaona nimefanya kazi safi. Mhakiki akanipigia simu: "Umesoma swali lililo chini ya mchoro?" Swali lilikuwa: taja sehemu zilizoonyeshwa kwa herufi A hadi D.

Nilikuwa nimempa mwanafunzi majibu yote. Kwa nia njema kabisa nimemwibia zoezi ambalo mwenzake anayeona analifanya kwa kichwa chake. Tukarudia: "Herufi A iko kwenye uwazi mpana chini kabisa ya mchoro. Herufi B iko kwenye njia nyembamba inayopanda kutoka kwenye uwazi huo." Na kuendelea. Umbo na mahali tu, jina anatafuta mwenyewe. Kuanzia hapo, kabla ya kueleza mchoro wowote, nasoma kwanza maswali yake.

Majedwali nayo yana mambo yake. Ukisoma namba mfululizo, msikilizaji akifika safu ya nne hajui tena namba ni ya nini. Unataja kwanza kuna safu ngapi na vichwa vyake, halafu kila mstari unarudia kichwa. Inachosha mno, na njia nyingine sijaiona.

Vitabu hivi vinatengenezwa kwa mfumo wa DAISY, ulioanza miaka ya 1990. Unamwezesha msikilizaji kuruka sura, kifungu, hadi namba ya ukurasa. Mwalimu akisema "fungueni ukurasa wa 87", naye anafungua na wenzake. Kwa hiyo msomaji ukisahau namba ya ukurasa, unamwacha mtu nje ya darasa.

MpitaNjia

Mkuu pale juu ulisema watu wanakimbia. Wanakimbia kivipi?

Kinasa

Nilijua hili litafika, na nimekuwa nikilizungukazunguka.

Mwaka wangu wa tatu nilikubali kitabu cha kiada cha sheria. Mwanafunzi mmoja wa chuo ndiye aliyekiomba, mitihani yake ilikuwa baada ya miezi mitano. Nilisoma vizuri hadi sura ya 14 kati ya 22. Kazini kwangu pakawa na mambo, nikakosa Jumamosi moja, nikakosa ya pili. Ya tatu niliona aibu kupiga simu, nikasema nitakwenda wiki ijayo. Mnajua wiki ijayo inavyokuwa. Zikapita wiki tisa.

Kitabu cha sauti hakigawiki kirahisi. Mratibu hakuweza kumpa mtu mwingine sura nane zilizobaki bila kujua kama narudi, na mimi sikusema narudi wala sirudi. Niliporudi nilisoma kama mwenda wazimu, usiku na mchana, kikatoka. Kilitoka siku 19 baada ya mtihani wa mwanafunzi yule.

Hakulalamika. Alituma ujumbe wa sauti kushukuru, akasema kitamsaidia mtihani wa marudio. Nimeusikiliza ujumbe ule mara nyingi. Sauti ni ya kijana mpole anayeshukuru kitu kilichomfikia kikiwa hakina kazi tena.

Kama ningepiga simu wiki ya kwanza nikasema "siwezi, mpeni mwingine", angekuwa na kitabu. Sauti zingekuwa mbili ndani ya kitabu kimoja, na yeye asingejali hata kidogo. Ile aibu yangu ya kupiga simu ya dakika mbili ndiyo iliyomgharimu.

Kwa hiyo nikiulizwa msomaji mzuri ni yupi, sisemi habari ya sauti. Ni anayemaliza, na kama hawezi kumaliza anasema mapema.

BintiSomo

Hili nimelishuhudia mara nyingi kuliko ningependa. Tuna kabati la mafaili ya vitabu vilivyoishia katikati. Wasomaji wazuri, sauti nzuri, na hakuna anayejua walikokwenda.

MzeeWaFaili

Nimeelewa, na nimeguswa. Swali la mwisho: hizo sauti si mngeziweka wazi kila mtu asikilize? Mbona mnazifungia?

Kinasa

Kwa sababu vitabu vingi ni vya waandishi walio hai na haki zao zipo. Kuna Mkataba wa Marrakesh, uliopitishwa 27 Juni 2013 na kuanza kutumika 30 Septemba 2016. Katika nchi zilizouridhia na kuuingiza kwenye sheria zao, mashirika kama letu yanaweza kutengeneza nakala hizi kwa ajili ya wasioona na wengine wenye ulemavu unaowazuia kusoma maandishi, bila kumwomba kila mwandishi ruhusa, na hata kupelekeana nakala kati ya nchi na nchi. Ruhusa hiyo ni kwa ajili yao tu. Kuna mwenzetu aliyetuma sura moja kwenye kundi la WhatsApp la familia kwa sababu alijivunia sauti yake. Alisimamishwa. Alikuwa mtu mwema, lakini mlango ule ukilegea wanaofungiwa nje ni wasikilizaji wenyewe.

Ukitaka kusoma vitabu ambavyo haki zake zimekwisha muda, na sauti iwe ya kila mtu duniani, ipo tovuti ya LibriVox tangu 2005. Huko unarekodi nyumbani kwa kompyuta yako, watu wa kujitolea kila kona.

MpitaNjia

Basi mkuu nipe pa kuanzia. Nina maiki ya kawaida na chumba chenye mwangwi.

Kinasa

Anza na chumba. Maiki ya kawaida ndani ya kabati lililojaa nguo inashinda maiki ya ghali ndani ya chumba kitupu. Weka maiki pembeni kidogo ya mdomo, isiwe mbele kabisa, ili pumzi za P na B zisiipige. Maji ya vuguvugu karibu, usivae saa inayolia wala shati la kitambaa kinachosugua. Kabla hujaanza, rekodi sekunde kumi za kimya, fundi atazihitaji kuziba mapengo. Programu ya kurekodi ya Audacity ni ya bure na inatosha kabisa.

Halafu chukua ukurasa wowote usioujua, usome kimya, ufunike, ujiulize umeona nini. Ukiona kitu, washa maiki. Dakika tano tu kwa kuanzia, jisikilize kesho yake.

Usichukue kitabu kizima bado. Omba hadithi fupi, ya kurasa kumi. Ukiimaliza, omba nyingine.

NuktaNundu

Na ukiirekodi hiyo ya kurasa kumi, MpitaNjia, nitumie ujumbe humu. Nitakusikiliza na nitakuambia ukweli. Kwa kasi ya kawaida, mara ya kwanza.

MpitaNjia

Nimekubali. Nipeni hadi Jumapili ijayo. Nikikwama nitasema hapa hapa.